Kumlinda Mtoto Dhidi ya Wanyemeleaji wa Mtandaoni: Wajibu na Mbinu za Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Mwanachuo anayemaliza masomo yake leo huenda akapangiwa shule isiyo na kompyuta hata moja, na ambayo kanuni zake zinamkataza mwanafunzi kuja na simu. Si ajabu basi akadhani kwamba hatari za intaneti ni jambo la wazazi wa mjini, wala halimhusu mwalimu wa shule ya msingi. Dhana hiyo si sahihi. Mtoto asiyekuja na simu shuleni huishika simu ya baba, ya dada au ya mpangaji mwenzao arudipo nyumbani jioni, naye huishika peke yake.

Uchunguzi uliofanywa kwa pamoja na UNICEF, ECPAT na INTERPOL, ambao taarifa yake juu ya Tanzania ilitolewa mwaka 2022, ulikuta kwamba watoto wapatao 67 katika kila 100 wenye umri wa miaka 12 hadi 17 hutumia intaneti. Miongoni mwa hao wanaoitumia, 4 katika kila 100 walikuwa wametendewa, ndani ya mwaka mmoja tu uliotangulia, vitendo vya dhahiri vya unyanyasaji wa kingono kwa njia ya mtandao. Wengine walitishwa, wengine waliahidiwa fedha au zawadi, na wengine picha zao zilisambazwa bila ridhaa yao. Watafiti walikadiria kwamba hao ni watoto 200,000 hivi katika nchi nzima. Wanafunzi wetu wengi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi wamo katika umri huo, au wanaukaribia.

Katika makala haya tunakusudia kueleza mambo matatu. La kwanza, mnyemeleaji ni nani na hufanyaje kazi yake. La pili, kwa nini mtoto hunyamaza. La tatu, namna mwalimu anavyoweza kulifundisha somo hili kwa chaki na ubao, na namna ya kumpokea mtoto anayekuja kusema. Hoja yetu kuu ni moja: silaha kubwa ya mnyemeleaji ni siri, na siri hiyo hulindwa na hofu ya mtoto kwamba ataadhibiwa na watu wake mwenyewe. Mwalimu anayeiondoa hofu hiyo amekwisha kumpokonya mnyemeleaji silaha yake.

Mnyemeleaji ni nani

Kwa neno "mnyemeleaji" tunamaanisha mtu anayejenga urafiki na mtoto kwa njia ya simu au kompyuta kwa nia ya kumtumia katika mambo ya kingono, ama kwa kujipatia picha zake za utupu, ama kwa kukutana naye ana kwa ana, ama kwa kumtoza fedha kwa vitisho.

Aghalabu watu humfikiria kuwa mgeni wa mbali ajifichaye nyuma ya jina la bandia. Wa namna hiyo wapo. Mfano mmoja unajulikana ulimwenguni kote. Katika jimbo la British Columbia, nchini Kanada, msichana mmoja wa shule alishawishiwa kujifunua kwa muda mfupi mbele ya kamera ya kompyuta. Mtu aliyeipata picha hiyo alimwandama kwa miaka, akibadili majina, akiisambaza kwa watu waliomfahamu. Mwaka 2012 msichana huyo alikatisha maisha yake akiwa na umri wa miaka 15. Mtu huyo, Aydin Coban, alikuwa akiishi Uholanzi, ng'ambo ya bahari. Mahakama ya Kanada ilimtia hatiani mwaka 2022, miaka 10 baada ya kifo hicho.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kumfundisha mtoto kumwogopa mgeni peke yake. Uchunguzi tulioutaja hapo juu ulionyesha kwamba mara nyingi anayemtendea mtoto uovu huu ni mtu ambaye mtoto alikwisha kumjua. Anaweza kuwa jamaa, jirani, kijana wa mtaani, dereva wa bodaboda anayempeleka shuleni, au mwalimu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Simu humpa mtu huyo njia ya kuzungumza na mtoto usiku, wakati nyumba nzima imelala na kila mmoja anaamini kwamba mlango umefungwa.

Vilevile ieleweke kwamba wavulana nao wamo hatarini. Uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wametendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mvulana hunyamaza zaidi, kwa kuwa huchelea kuchekwa.

Ngazi anayoipanda mnyemeleaji

Mnyemeleaji haanzi kwa ubaya. Hupanda ngazi polepole, na kila kipawa hufanana na wema. Tutaieleza ngazi hiyo kwa ujumbe wa mfano, tukiutumia tena katika somo.

Kipawa cha kwanza ni sifa: "Mambo mdogo wangu! Nimeona unavyocheza, wewe ni hodari." Ujumbe huu unaweza kumfikia mtoto kwa Facebook au TikTok, au ndani ya mchezo kama Free Fire, ambamo wachezaji wasiojuana huweza kuzungumza kwa sauti.

Kipawa cha pili ni zawadi: "Nimekurushia bando. Usijali, wewe ni kama ndugu yangu." Zawadi yaweza kuwa vocha, fedha kidogo, au almasi zinazotumika ndani ya mchezo. Thamani yake ni ndogo, lakini humfanya mtoto ajione ana deni.

Kipawa cha tatu ni siri: "Tuhamie WhatsApp, huku watu wanatuona. Usimwambie mama, hataelewa." Hapa ndipo mtoto anapotengwa na watu wake.

Kipawa cha nne ni ombi: "Nitumie picha yako moja tu nikuone." Picha ya kwanza huwa ya kawaida. Inayofuata haiwi hivyo.

Kipawa cha tano ni kitisho: "Usipotuma nyingine, hii nitampelekea baba yako."

Tumtake msomaji autazame vizuri ujumbe huo wa mwisho. Mnyemeleaji hakumtishia mtoto kwa kisu wala kwa bunduki. Amemtishia kwa hasira ya baba yake mzazi. Ametumia fimbo iliyomo ndani ya nyumba ya mtoto mwenyewe, asiyoilipia hata senti.

Tuongeze pia kwamba siku hizi kitisho chaweza kuja bila mtoto kutuma picha yoyote ya utupu. Zipo programu za akili mnemba zinazoweza kuichukua picha ya kawaida, hata ya sherehe ya shule, na kuigeuza ionekane ya utupu. Mtoto asiye na hatia yoyote akitishwa kwa picha ya namna hiyo, atawezaje kujitetea mbele ya mzazi ambaye hajapata kusikia kwamba jambo hilo linawezekana?

Kwa nini mtoto hunyamaza

Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto wachache mno ndio waliopeleka habari zao polisi au kwa simu ya msaada. Sababu si ngumu kuzifahamu kwa mtu aliyekulia katika jamii zetu. Kwanza, mtoto huona haya, kwani hana maneno ya heshima ya kulielezea jambo hilo mbele ya mkubwa. Pili, hujiona mkosaji, kwa kuwa aliipokea zawadi na kuitikia maongezi. Tatu, aliitumia simu bila ruhusa, naye anajua kwamba swali la kwanza litakuwa, "Simu uliichukua kwa idhini ya nani?" Nne, huogopa kuchapwa, na huogopa kwamba hataishika simu tena.

Kwa hiyo mtoto hujikuta kati ya watu wawili wanaomtisha. Mmoja ni mnyemeleaji, na mwingine ni mkubwa anayempenda. Akimwogopa huyu wa pili kuliko yule wa kwanza, atatii amri za yule wa kwanza.

Wapo watakaotujibu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ina hekima yake, nasi hatusemi kwamba mtoto aachwe bila maonyo. Mtoto aliyechukua simu bila ruhusa atafundishwa kuomba ruhusa. Lakini fundisho hilo lina siku yake, na siku hiyo si ile anayokuja kueleza kwamba kuna mtu anamtesa. Mtoto anayeadhibiwa siku ya kusema amefundishwa jambo moja tu, kutosema tena. Na wenzake arobaini waliomwona akiadhibiwa wamejifunza jambo hilohilo bila kuguswa.

Namna ya kulifundisha somo

Somo tunalolipendekeza ni la darasa la tano au la juu yake, la dakika 40. Laweza kuingizwa katika kipindi cha Kiswahili au cha maadili. Zana zake ni ubao, chaki na vipande vya karatasi. Lengo lake ni kwamba mwishoni mwa kipindi kila mwanafunzi aweze kuzitambua dalili tatu za mnyemeleaji, na kuwataja watu wazima wawili anaoweza kuwaambia.

Hatua ya kwanza ni utangulizi, dakika 5. Anza na jambo ambalo wanafunzi wanalijua. Uliza ni nani amewahi kusikia nyumbani kwao juu ya ujumbe wa matapeli usemao, "Ile hela itume kwenye namba hii." Mikono mingi itanyanyuka. Uliza tena: huyo mtu anatujua? Kwa nini anaandika kama anatujua? Wanafunzi wenyewe watasema kwamba anajifanya. Hapo umekwisha kuweka msingi wa somo: mtu asiyeonekana anaweza kujifanya yeyote.

Hatua ya pili ni karatasi zisizo na sura, dakika 8. Wape wanafunzi watano vipande vya karatasi, kila mmoja aandike sentensi tatu za kujieleza. Wawili kati yao waambie kwa siri waandike uongo mtupu kuhusu umri, jinsi na makazi yao. Zisome karatasi mwenyewe bila kutaja majina, na darasa libashiri zipi ni za kweli. Watakosea. Waulize kwa nini wamekosea, na waache wafikie wenyewe hitimisho kwamba jina na picha si ushahidi.

Hatua ya tatu ni ngazi, dakika 10. Andika ubaoni ule ujumbe wa aina tano, lakini uuvuruge mpangilio wake. Vikundi viupange upya kuanzia kipawa cha chini. Kisha uliza swali lililo kiini cha somo zima: "Mtoto anaweza kushuka kutoka kipawa kipi?" Wengi watajibu cha kwanza au cha pili. Mwalimu awaongoze mpaka waone kwamba anaweza kushuka kutoka kipawa chochote, hata cha tano. Jambo hili lisiharakishwe. Huenda darasani yumo mtoto aliyekwisha kufika kipawa cha nne, naye anasikiliza kuliko wote.

Hatua ya nne ni siri njema na siri mbaya, dakika 5. Siri njema ina mwisho wake na humfurahisha kila mtu inapofunuliwa, kama zawadi iliyofichwa mpaka siku ya sherehe. Siri mbaya haina mwisho, na anayekwambia uitunze anaogopa wakubwa wasijue. Wanafunzi watoe mifano yao ya kila aina.

Hatua ya tano ni maigizo, dakika 7. Tunasisitiza kwamba kisiigizwe kitendo cha mnyemeleaji kwa namna yoyote. Kinachoigizwa ni kusema tu, kwa mfano hivi:

Mtoto: Shikamoo, mwalimu.
Mwalimu: Marahaba, mwanangu. Hujambo?
Mtoto: Sijambo. Mwalimu, kuna mtu ananisumbua kwenye simu ya mama.
Mwalimu: Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako. Njoo tukae hapa, unieleze.

Waigize wawili wawili, kisha wabadilishane nafasi. Maneno ambayo mtoto amekwisha kuyatamka mara moja kwa mchezo hayamkwami kooni siku ya haja.

Hatua ya mwisho ni tathmini, dakika 5. Kila mwanafunzi aandike kwenye karatasi majina ya watu wazima wawili ambao angewaambia. Karatasi hizo zisisomwe kwa sauti. Mwalimu azitazame baadaye, na akikuta mtoto ameandika jina moja tu, au hakuandika lolote, amjue huyo kuwa ndiye mwenye kuhitaji uangalizi wa kwanza.

Mtoto anapokuja kusema

Somo likifundishwa vizuri, mtoto atakuja. Mwalimu ambaye hakujiandaa kwa siku hiyo atakuwa ameita msaada usiokuwapo. Haya ndiyo ya kuzingatia.

Msikilize mahali penye staha, pasipo masikio ya wenzake lakini panapoonekana na watu. Usimhoji kama mshtakiwa. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, maana ahadi hiyo huwezi kuitimiza. Badala yake mweleze utamwambia nani na kwa sababu gani.

Usidai kuonyeshwa picha, na usiirushe kwa simu yako wala kwa ya mwalimu mkuu, hata kwa nia ya kuhifadhi ushahidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha au kuwezesha kupatikana kwa picha za ngono za watoto kwa njia ya kompyuta, na kila nakala inayoongezeka ni madhara mapya kwa mtoto. Andika katika daftari namba ya simu, jina la akaunti, tarehe na maneno aliyoyasema mtoto. Ujumbe usifutwe. Mtoto asiendelee kumjibu mtu huyo wala kumtumia chochote, kwa kuwa aliyepewa mara moja hurudi kudai tena.

Mjulishe mwalimu mkuu na mwalimu wa ushauri nasaha, kisha mzazi au mlezi, isipokuwa pale ambapo mlezi huyo ndiye anayeshukiwa. Shauri lipelekwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii na kwa Dawati la Jinsia na Watoto la Jeshi la Polisi, pamoja na simu yenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa azitoe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa wake, kwa hiyo mwalimu atoaye taarifa anatimiza sheria. Iko pia Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, ambayo mtoto au mkubwa hupiga bila malipo. Wanafunzi waijue namba hiyo kwa moyo kama wanavyojua jedwali la kuzidisha.

Ikiwa picha imekwisha kusambazwa, mtoto asiambiwe kwamba hakuna la kufanya. Iko huduma isiyo ya malipo iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa na kituo cha NCMEC cha Marekani na kutangazwa mwaka 2023. Humwezesha aliyepigwa picha akiwa chini ya miaka 18 kutengeneza alama maalumu ya picha hiyo ndani ya simu yake, bila picha yenyewe kupelekwa kokote. Kampuni zilizojiunga, zikiwamo Facebook, Instagram na TikTok, hutumia alama hiyo kuitafuta picha na kuiondoa.

Kisha, siku hiyohiyo au kesho yake, zungumza na mzazi. Mzazi naye ana hofu, na hofu yake huvaa sura ya hasira. Mweleze kwamba mtoto aliyesema ni mtoto aliyemwamini, na kwamba akimchapa leo, kesho mnyemeleaji mwingine atakuta mlango uko wazi.

Mwenendo wa mwalimu mwenyewe

Tulisema hapo mwanzo kwamba mnyemeleaji anaweza kuwa mwalimu. Hatuwezi kuliruka jambo hilo kwa sababu ya kuona haya. Mwalimu asiandikiane na mwanafunzi kwa faragha, hasa usiku. Linalohusu masomo lipitie kwa mzazi au katika kundi ambamo wazazi wamo. Asimpe mwanafunzi mmoja vocha wala zawadi ya siri. Asipige picha za wanafunzi na kuzitandaza mtandaoni kwa kujifurahisha, akijua sasa zinavyoweza kugeuzwa. Mtoto aliyezoea kuona kwamba mwalimu wake hana siri naye ataishtukia siri ya mtu mwingine mara moja.

Hitimisho

Mitandao hubadilika upesi. Majina ya michezo na programu tuliyoyataja huenda yakasahaulika kabla mwanachuo wa leo hajafikisha miaka kumi kazini. Ngazi ya mnyemeleaji ilikuwapo kabla ya simu, nayo itabaki ile ile: sifa, zawadi, siri, ombi, kitisho. Kwa hiyo mwalimu asivunjike moyo kwa kutojua kila jambo jipya la kiufundi. Wanafunzi watamwelimisha hayo. Yeye kazi yake ni kuwa mtu ambaye mtoto anaweza kumjia asubuhi, kabla ya kengele, akamwambia jambo baya lililompata, akarudi darasani akiwa mzima. Katika mazoezi ya kufundisha yajayo, tunamwomba kila mwanachuo alitayarishie somo hili andalio, alifundishe walau mara moja, na atuletee matokeo yake chuoni ili tuyajadili pamoja.